Skwiji kwenye fimbo ndefu: shingo ya dukani haifai, hivi ndivyo ninavyoirekebisha

#1 Kidirisha (mleta uzi)

Wakuu, poleni na majukumu.

Uzi huu ni wa tunaosafisha vioo kwa kazi: maofisi, mashule, shoo rumu za magari, apatimenti za ghorofa mbili tatu ambazo mwenye nyumba hataki kulipia jukwaa na wewe hutaki kupanda ngazi. Kama unafuta dirisha la sebuleni kwa gazeti, karibu usome, ila usije kuniambia gazeti linatosha.

Skwiji ni ile raba nyembamba iliyobanwa kwenye chaneli ya chuma, ya kuvutia maji kwenye kioo. Lalamiko la vijana wengi ni moja: nikishika kwa mkono kioo kinatoka safi, nikifunga kwenye fimbo inaacha michirizi. Wanabadilisha sabuni, wanabadilisha raba, wanaazima fimbo nyingine. Tatizo liko shingoni.

Skwiji ya mkono imepindwa shingo makusudi ili vidole visigonge kioo. Sasa ifunge kwenye fimbo ya mita nne, simama chini, ipeleke juu. Fimbo inalala karibu sambamba na ukuta. Ule mpindo ulioachia vidole nafasi unailaza raba chali, mgongo wa chaneli unagusa kioo, na raba inaelea juu ya maji badala ya kuyavuta. Ukikandamiza ndiyo kabisa, fimbo inabonyea katikati na kule juu hakuna nguvu iliyofika.

Hesabu yake ni nyepesi. Kuanzia mkono wako hadi kwenye raba kukiwa na mita 4, na umesimama mita 2 kutoka ukutani, fimbo inakutana na kioo kwa nyuzi 30. Sogea hadi mita 1, zinabaki nyuzi 14 na kitu. Raba inafanya kazi vizuri ikiwa kati ya nyuzi 30 na 45 hivi. Kwa hiyo dirisha la juu linataka shingo iliyonyooka na wewe usimame mbali kwa nusu ya urefu wa fimbo. Shingo iliyopinda ina kazi yake, ila ni pale penye kibaraza cha zege au paa la mlango chini ya dirisha linalokulazimisha usimame mbali sana.

Ninavyofanya: natupa mpini wa plastiki, nabaki na chaneli na raba. Natafuta fleti ba ya aluminiamu, upana sentimita 2.5, unene milimita 3. Vipande vya kukatwa utavipata kwa fundi yeyote wa madirisha, mara nyingi anakupa bure. Nakata mabamba mawili mafupi, ncha zake nazikunja kidogo kwenye jiliwa (kile kibanio cha mezani cha fundi) ziwe na mdomo wa kung'ata mabega ya chaneli, moja mbele moja nyuma. Boliti mbili zinapita nyuma ya chaneli kuyakaza. Kati ya bamba na chaneli naweka kipande cha tyubu ya baiskeli. Msiiruke hatua hii. Ile tyubu inaiachia chaneli kunesa kidogo, ncha zote mbili za raba ziguse kioo hata kama hukusimama katikati ya dirisha.

Kutoka kwenye fimbo unakuja ulimi wa fleti ba hiyo hiyo. Unaingia katikati ya yale mabamba na kushikwa na boliti moja yenye nati ya masikio, ya kukaza kwa vidole. Ndimi natengeneza mbili: mmoja umenyooka, mmoja nimeupinda nyuzi 40 kwa ajili ya vibaraza. Kubadilisha ni kufungua nati moja tu.

Upande wa fimbo, kata kizibo cha mti mgumu, kichongwe kiingie kwa kubana ndani ya bomba, kipasue mpasuo wa ulimi, kisha pitisha skrubu kutoka nje ya bomba hadi ndani ya mti. Achana na nyuzi za plastiki za kusokotea za fimbo za mafagio, kila kiwanda kina zake na zote zinalegea.

Swali langu kwenu: kichwa kikazwe kabisa au kiachwe kizunguke kushoto na kulia? Mimi nakaza. Nataka kusikia wanaozungusha.

#2 Mpita Njia wa Ubungo

Nimekuja mbio nikijua ni shingo ya binadamu. Ngoja nikae pembeni na kahawa.

#3 FundiFremu

Mkuu uzi mzuri, ila hapo kwenye ulimi nina neno. Mimi ni fundi wa aluminiamu. Vipande vingi vya madirisha ni aluminiamu iliyokomazwa kwa joto kiwandani, ina ugumu, haipendi kukunjwa kwa kona kali. Ukiipinda nyuzi 40 kwenye jiliwa lenye midomo mikali, upande wa nje wa mpindo unafanya mipasuko midogo ambayo huioni, na siku moja kichwa kinakuja chini kama embe. Tumia bomba dogo kama kiunzi, upinde kwa mviringo, usipinde kwa kona. Na ukishaupinda usijaribu kuunyoosha tena. Hapo nakusifu kwa kutengeneza ndimi mbili, wengi wangetaka mmoja wa kukunja na kukunjua.

La pili, kichwa kifungwe kamba. Nailoni nyembamba kutoka kwenye chaneli hadi kwenye fimbo. Boliti ikiachia, kitaning'inia badala ya kumwangukia mtu.

#4 Kidirisha

Fundi nakubali yote mawili, la kamba ndilo zaidi. Kwenye nati za kudumu weka zile zenye nailoni ndani, za kawaida zinafunguka zenyewe kwa mtikisiko. Nati ya masikio iwe hiyo moja tu ya ulimi, na chini yake washa ya meno.

#5 Mlalahoi Halisi

Raba je? Hizi skwiji za bei chee raba yake inakuwa ngumu kama kiatu baada ya muda mfupi. Kuna jamaa anatumia raba ya wipa ya gari, anasema ni ile ile.

#6 Kidirisha

Si ile ile. Raba ya wipa imetengenezwa kulala upande mmoja ikienda na kugeuka ikirudi, ina kashingo kembamba katikati kwa ajili hiyo. Ukiivuta kwa fimbo inarukaruka, utasikia trrrr kioo kizima na kila mruko unaacha mstari. Tyubu nayo ni laini mno na huwezi kuikata ukingo ukanyooka. Zile raba za kubania vioo kwenye fremu ndiyo usijaribu kabisa.

Nunua raba yenyewe. Inauzwa peke yake kwa mita au kwa urefu wa chaneli, na ni kitu kidogo kuliko mpini. Ina kingo mbili, ukingo mmoja ukiisha unaigeuza. Zipo ngumu na laini: ngumu kwa joto, laini kwa baridi, ndivyo wanavyofanya walio nchi za theluji. Dar tumia ngumu. Arusha na Iringa mwezi wa saba mnaweza kujaribu laini.

Ukiikata, iache izidi chaneli milimita 2 kila upande, na ikate kwa mkasi mkali kwa mara moja. Ukiikata kwa kisu cha jikoni ukingo unakuwa na meno, na kila jino ni mstari kwenye kioo. Kwenye fimbo hii milimita mbili ina thamani kuliko kwenye mkono, maana hutapanda tena kwenda kufuta kona kwa kitambaa. Kuna chaneli za Moerman ya Ubelgiji zenye vibanio vya plastiki mwishoni vinavyoibana raba hadi kwenye kona kabisa ya fremu. Nimezishika, ni nzuri. Bei yake mtaulizana wenyewe.

Urefu wa chaneli nao. Vijana wanataka ile ya sentimita 45 wamalize haraka. Kwenye fimbo ndefu nguvu unayoituma ni ndogo, ukiigawa kwa raba ndefu ncha zinabaki hazina kitu. Sentimita 35 inatosha.

#7 Mkaa Doha

Salamu kutoka Qatar wazee. Mimi ni Mkenya, niko kwa cleaning huku, na hapa vumbi ni la kila siku. Kwa swali la kuzungusha: sisi tunatumia vichwa vya kuzunguka, kampuni kama Wagtail ya Australia ndiyo imevijulia jina. Kichwa kikiwa huru unapeperusha fimbo kushoto kulia na raba inafuata, haukai ukivuta mstari mmoja mmoja kutoka juu hadi chini. Kioo kikubwa cha duka unakimaliza ukiwa umesimama pahali pamoja.

Lakini nikuambie ukweli, kwa kioo kidogo chenye fremu nyingi kichwa huru ni balaa. Kinagonga fremu, kinageuka upande usiotaka. Hapo hata mimi nafunga.

Kitu kingine: huku mpini wa fimbo unauzwa ukiwa umenyooka tayari, hakuna haja ya kukata. Hiyo shida ya shingo ni ya kununua kifaa cha mkono na kukilazimisha kwa fimbo.

#8 Kidirisha

Asante kaka. Ulivyosema vioo vikubwa umenifungua. Hapo nati ya masikio inasaidia, unalegeza nusu mzunguko. Swali: kikiwa huru kinarudi vipi katikati ukikitoa kwenye kioo?

#9 Mkaa Doha

Vingine havirudi, unakizoea tu. Wengine wanafunga raba bendi mbili, kila moja kutoka ncha ya mpini hadi upande wake wa kichwa. Zikivutana sawa kichwa kinasimama katikati. Raba bendi hazidumu kwa jua, zinakatika kila mara.

#10 FundiFremu

Vipande vya tyubu ya baiskeli vya upana wa kidole badala ya raba bendi. Vinavumilia jua. Vifunge kwenye zile boliti mbili za bamba, usivifunge kwenye ncha za chaneli, vitakuzibia kona.

#11 Shungi la Nyali

Ndugu zangu, nyinyi mwasema aluminiamu na mimi nasema shaba. Huku Mombasa, jengo lililo ufuoni, chumvi ya bahari haina huruma. Boliti ya chuma kwenye aluminiamu, ikishapata maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Unakuta unga mweupe kuzunguka tundu, na tundu limekuwa pana. Nati unaikaza leo, kesho imelegea, wala si nati, ni tundu. Ama utumie boliti za steinlesi na uziweke washa za plastiki katikati, ama uende chaneli ya shaba nyeupe au steinlesi kabisa. Na jioni kifaa kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikaushwe, si kutupwa ndani ya ndoo ya sabuni kilale humo.

#12 Kidirisha

Sheikh hapo umenena, ila uzito. Kitu kizito kwenye ncha ya mita tano unakisikia mabegani kabla ya adhuhuri. Nakwenda na boliti za steinlesi na washa za plastiki, mwili ubaki aluminiamu.

#13 Bi Mkubwa wa Majengo

Naomba niingie, mimi ndiye ninayewapa kazi. Nasimamia majengo ya kupangisha na sijaona hata mmoja hapa aliyetaja nyaya za umeme. Fimbo ya aluminiamu, imelowa, mita tano, na barabara zetu nyaya zinapita dirishani mwa watu. Nyaya za msongo wa kati kwenye nguzo za mitaani hazina ganda. Kijana akiyumba kidogo basi.

Kwangu mtu akija na fimbo ya chuma upande wenye nyaya, harudi. Alete ya faibaglasi.

#14 Kidirisha

Mama shikamoo, na una haki. Niongeze: faiba nayo ikiwa chafu na imelowa maji ya sabuni, usiihesabu kuwa salama karibu na nyaya. Inapunguza hatari, haiiondoi. Upande wenye nyaya karibu mimi sichukui kazi kwa fimbo ya aina yoyote, atafutwe Tanesco kwanza wazime.

#15 Bi Mkubwa wa Majengo

Marahaba. Sasa nijibu na langu: mbona vioo vinabaki na madoa meupe ya matone hata kama mmevuta vizuri? Nimebadilisha vijana na madoa yapo pale pale.

#16 Kidirisha

Maji ya kisima, mama. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Tone likibaki kwenye fremu ya juu, linashuka baadaye, maji yanakauka, chumvi inabaki. Kwenye fimbo hali ni mbaya zaidi kwa sababu kijana hafiki na kitambaa kufuta ile fremu.

Marekebisho mawili. Kwanza, kabla ya kuvuta kushuka, pitisha raba mlalo kwenye ukingo wa juu kabisa, ule mstari wa kwanza uwe mkavu. Ukimaliza kioo kizima, funga kitambaa kikavu cha mikrofaiba juu ya kichwa hicho hicho, kishike kwa ile mipira ya tyubu, ukipitishe kwenye fremu. Pili, maji. Ya mvua ni mazuri. Maji yanayodondoka kwenye mabomba ya AC nje ya jengo ni mazuri zaidi ya mnavyodhani, yametoka hewani kama mvuke, hayana chumvi ya ardhini. Yachuje vumbi, kisha tumia. Jengo la maofisi linatoa ndoo nyingi za maji hayo kwa siku moja ya joto na yote yanamwagika.

Sabuni nayo, matone machache ya sabuni ya vyombo kwa ndoo. Mnaofanya povu kama mnaoga ndio mnaoacha ukungu.

#17 Mkaa Doha

Kwa maji ongeza hii: kuna fimbo zenye brashi na bomba ndani, zinapiga maji yaliyosafishwa kwa mashine hadi hayana madini. Hauvuti kabisa, unasugua, unasuuza, unaacha yakauke yenyewe. Kwa ghorofa tatu kupanda juu hiyo ndiyo kazi inafanywa sasa. Skwiji kwa fimbo imebaki ya ghorofa za chini na ndani ya majengo, kama lobi zenye vioo virefu, mahali hutaki kumwaga maji.

#18 Mlalahoi Halisi

Kwa hiyo tunarekebisha kitu kilichopitwa na wakati?

#19 Kidirisha

Nipe mashine ya kusafisha maji, fimbo ya kaboni na pampu, nitaacha leo hii. Mpaka hapo nina ndoo.

#20 Mwalimu wa Zamu

Kwa faida ya wasomaji: skwiji yenyewe ilizaliwa kwa marekebisho ya mfanyakazi. Mhamiaji wa Italia, Ettore Steccone, alikuwa anaosha madirisha Oakland, California. Wakati ule walitumia chuma kizito chenye raba mbili, na kubadilisha raba ilibidi ulegeze skrubu 12. Akatengeneza ya shaba, nyepesi, raba moja, akaipatia hataza mwaka 1936. Umbo lile ndilo mnalolishika leo.

#21 Mpita Njia wa Ubungo

Skrubu 12! Mwalimu umeniuzia uzi huu rasmi. Kahawa imekwisha, naongeza.

#22 Binti Kilimani

Wadau swali la vitendo. Kushusha fimbo, kutoa kitambaa cha kulowesha, kufunga skwiji, kupandisha tena, kila dirisha. Muda mwingi unaishia hapo. Mnafanyaje?

#23 Kidirisha

Hapa ndipo penye pesa, dada. Weka vyote viwili kwenye kichwa kimoja. Chukua lile bamba la nyuma, lirefushe kidogo, ulifunge kipande cha bomba la plastiki la nusu inchi, urefu sawa na chaneli, ukilivisha soksi ya manyoya ya kuloweshea. Raba inaangalia upande mmoja, manyoya upande wa pili. Unalowesha, unazungusha fimbo nusu duara mkononi, unavuta. Fimbo haijashuka.

Mambo ya kuangalia ni mawili. Bomba la manyoya likae nyuma ya mstari wa raba kwa sentimita mbili tatu, la sivyo litagusa kioo wakati unavuta na kuchafua ulichokausha. Na manyoya yakamuliwe vizuri, yakijaa maji kichwa kinakuwa kizito na yanakudondokea usoni.

Na kwa kuwa fimbo inazungushwa, zile za wapaka rangi za kukaza kwa kusokota zitakusaliti, kipande cha juu kitazunguka peke yake. Toboa bomba zote mbili pamoja, weka pini yenye kamba, matundu kila nusu mita.

#24 Binti Kilimani

Na maji yanayoshuka ndani ya mkono wa shati?

#25 Shungi la Nyali

Funga sponji ulizungushe fimbo, shibiri mbili chini ya kichwa, kwa kipande cha tyubu. Maji yanakoma hapo. Ulikamue kila ukishusha.

#26 FundiFremu

Kidirisha, hilo bamba la nyuma lililorefushwa lenye bomba na manyoya ya maji, milimita 3 haitoshi tena kwenye ulimi uliopinda. Ule ulionyooka sawa. Uliopinda weka milimita 5, au uweke fleti ba mbili mgongo kwa mgongo na ribiti.

#27 Kidirisha

Nachukua mbili za mgongo kwa mgongo, kipande cha milimita 5 sipati bure. Nikimaliza kukifunga kile cha bomba nitaweka picha hapa chini, na vipimo vya mahali pa kutoboa. Anayetaka vizibo vya mti aende kwa mchonga miguu ya vitanda yeyote mwenye mashine ya kuzungusha, abebe kipande cha fimbo yake akipime hapo hapo.